Moyo unataka, mwili umelala: nimruhusu mume wangu aoe?

BARUA

Assalaam aleykum Bi Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 52, naishi Tanga mjini, nauza khanga na vitenge sokoni. Nina watoto wanne na mjukuu mmoja. Mume wangu ana miaka 60, alikuwa dereva wa malori, sasa amepumzika yuko nyumbani. Tumeoana miaka 29 na tulikuwa tunapendana. Chumbani hatukuwahi kuwa na neno. Natanguliza hilo usije ukadhani nilikuwa mwanamke baridi tangu ujana.

Presha nilianza nayo baada ya mtoto wa mwisho, na sukari ikafuata miaka saba iliyopita. Natumia atenolol, kile kidonge cha kukojoza, na metformin. Hedhi ilikoma nikiwa na miaka 49.

Sasa ni zaidi ya mwaka mwili wangu hauitiki. Naomba unielewe hapo. Hamu ninayo. Mume wangu akirudi Ijumaa kutoka msikitini na kanzu yake, ananukia udi, namtamani vilevile. Lakini tukifika kitandani huku chini kunabaki kukavu, kumekufa ganzi. Ananishika, najua nashikwa, lakini sisikii kile nilichokuwa nikisikia. Tukiendelea inauma, nachubuka, na kesho yake nikienda haja ndogo inachoma. Kufika kileleni nimesahau. Nikawa najifanya, naye akagundua, maana mtu mliyeishi naye miaka yote hii humdanganyi.

Akaja kuniuliza waziwazi: "Mama Salma, kuna mtu mwingine?" Nililia, Bi Mshauri. Mimi na umri huu, na miguu hii, nimpate wapi huyo mtu? Tangu siku ile analala na redio sikioni mpaka usingizi umchukue. Na kusema kweli naye si yule wa zamani, mara nyingine anaishia njiani. Lakini la kwake halizungumzwi, lawama yote imebaki kwangu.

Dada yangu anasema nimefanyiwa. Kaniletea shabu na unga wa mizizi nijiweke, eti kubane, mume asahau ya nje. Nilijaribu, maumivu yakazidi. Kijana wa duka la dawa akaniambia vidonge vya presha ndivyo vinavyoua nguvu, basi toka hapo atenolol nameza leo, kesho naruka. Akaniuzia pia vile vidonge vya wanaume, eti siku hizi na wanawake wanatumia. Hivyo sijavigusa, viko kwenye mkoba.

Utasema kwa nini sikumwambia daktari. Nilikwenda kliniki na nia hiyo. Chumba kimoja, meza mbili, katikati pazia, upande wa pili nasikia mzee anaulizwa habari za choo chake. Daktari mwenyewe rika la mwanangu wa kwanza. Akaniuliza, "Mama, una shida nyingine?" Mdomo ukaniambia: miguu. Nikamweleza kuwa nikitoka sokoni kwenda stendi, vigimbi na makalio vinakaza mpaka nasimama, nikipumzika kidogo vinaachia, naendelea. Akasema ni uzito na umri, akaniandikia diklofenaki. Nikaondoka na langu moyoni.

Sasa nimewaza nimruhusu aoe. Dini inaruhusu, na mimi pengine nitapumzika. Lakini kila nikitaka kumwambia, koo linafunga. Nimwambie? Au niache dawa kabisa nione kama mwili utarudi? Au nivumilie tu, ndiyo uzee wenyewe?

Mama Salma (si jina langu), Tanga

JIBU

Waaleykum salaam, mdogo wangu. Ahsante kwa kuniamini. Najua swali lako ni la mume, lakini niruhusu tuanze na mkoba wako, kwa sababu humo mna jambo lisilongoja.

Atenolol si dawa ya kumeza leo ukaruka kesho. Moyo uliokwisha kuizoea ukinyimwa ghafla huenda mbio, presha hupanda kwa kasi, na kwa mtu ambaye mishipa yake imechoka hayo yanaweza kuleta maumivu ya kifua au hata shambulio la moyo. Nenda wiki hii ukapimwe presha, useme wazi kwamba umekuwa ukiruka, wakuambie uirudie vipi. Usione haya, wanaoruka dawa ni wengi na wahudumu wanajua. Waulize pia kuhusu diklofenaki. Dawa za maumivu za aina hiyo hupandisha presha na huielemea figo, hasa kwa anayetumia kidonge cha kukojoza. Na vile vidonge vya wanaume viache hapohapo vilipo. Vinatanua mishipa ya damu, na vikikutana na dawa za moyo za kuweka chini ya ulimi, presha inaweza kuporomoka mtu akaanguka. Isitoshe, kampuni iliyovitengeneza ilivijaribu kwa wanawake kwa miaka kadhaa, ikaachana na mpango huo mwaka 2004, maana havikuonyesha faida ya kueleweka kuliko kidonge kisicho na dawa ndani. Kijana wa dukani hakukuambia hilo.

Sasa tuje kwenye barua. Umeniandikia habari za mume, dada, dawa, mke wa pili. Nimeisoma, nikairudia, na mara zote mbili nimekwama kwenye ile miguu uliyoitaja kama kisingizio. Unasema makalio na vigimbi vinakaza ukitembea, ukisimama vinaachia. Na unasema huku chini kunabaki kukavu na ganzi hata pale moyo unapotaka. Wewe umeyaweka mafungu mawili, moja la daktari na moja la aibu. Mimi nauliza kama si fungu moja.

Mshipa mkubwa unaoshusha damu kutoka moyoni hugawanyika matawi mawili karibu na usawa wa kitovu. Kila tawi nalo hugawanyika tena: moja linateremka mguuni, jingine linaingia nyonga kulisha makalio, kibofu, mfuko wa uzazi, uke na kinembe. Presha ya miaka mingi, sukari, lehemu (mafuta yaliyozidi kwenye damu) na sigara hukakamaza kuta za mishipa na kuijaza mafuta ndani mpaka njia inakuwa nyembamba. Bomba kuu la mtaa likiziba nusu, kila nyumba inapata maji kidogo. Ukiwa umekaa, damu inayofika inatosha. Ukitembea, misuli inadai zaidi, hakuna ya kuongeza, inakaza. Ukisimama, deni linalipwa.

Na mahaba nayo hudai damu. Watu wengi wanajua hivyo kwa mwanamume, kwa sababu kwake kinaonekana. Kwa mwanamke ni hivyohivyo ila kimefichika. Ukuta wa uke hauna tezi za kutoa ule unyevu. Mwanamke akipata ashiki, damu hujaa kwenye vimishipa vya ukuta huo, na majimaji yake hupenya na kutokea upande wa ndani matone matone. Damu isipojaa, hayatoki, hata uwe unampenda mwenzako namna gani. Kinembe nacho ni kiungo cha kujaa damu, na sehemu yake kubwa iko ndani, haionekani. Vitabu vya udaktari vilikaa miaka mingi vikichora ile ncha ya nje tu, mpaka daktari mpasuaji wa Australia, Helen O'Connell, alipochapisha vipimo vyake mwaka 1998 kuonyesha ukubwa wake halisi. Mwaka huohuo wanaume ndio walikuwa wanapata kidonge chao. Wao walipata dawa, sisi ndiyo kwanza tunapata mchoro. Kwa hiyo yule daktari kijana asipokuuliza, usimlaumu sana, pengine na yeye hakufundishwa kuuliza.

Sikuambii kwamba ndiyo mishipa, basi. Siwezi kujua kutoka kwenye barua, na kwa umri wako mambo huja kwa pamoja. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hupungua na ngozi ya ndani huwa nyembamba, inachubuka upesi. Sukari ya muda mrefu huharibu neva, na ganzi inaweza kutokea huko. Sukari ikiwa juu, fangasi hupenda sana mahali hapo, na kuchoma kwa mkojo kunaweza kuwa fangasi au maambukizi ya njia ya mkojo. Atenolol yenyewe imetajwa na wanawake kadhaa kupunguza hisia. Halafu kuna hofu: mtu anayeingia kitandani akijua ataumia na atashukiwa, mwili wake unajikunja kabla hajaguswa. Kila moja kati ya haya lina njia yake, ndiyo maana nasita mtu anapokuambia "ni uzee". Uzee hauandikiwi dawa. Haya yanaandikiwa.

Kipimo cha miguu ni chepesi. Wanapima presha ya mkono, kisha ya kifundo cha mguu, wanagawanya ya mguu kwa ya mkono. Ikija chini ya 0.9, mishipa ya miguu imebana. Kwa mwenye sukari ya muda mrefu, mishipa huweza kukakamaa hadi namba ikadanganya, kwa hiyo mwombe daktari aguse na mapigo ya mguuni. Na ikiwa imebana kweli, faida ya kujua inavuka chumbani: mishipa ya mguuni ikiziba, ya moyo na ya ubongo mara nyingi haiko salama. Hapo utapewa dawa ya kushusha lehemu, pengine na ya kuzuia damu kuganda, na utaambiwa utembee. Ndiyo, utembee: mpaka mguu ukaze, upumzike, uendelee, nusu saa au zaidi, walau mara tatu kwa wiki. Baada ya miezi mitatu hivi wengi hujikuta wanafika mbali zaidi. Kama na huku kwingine kutafufuka kwa kutembea, sitakuahidi. Ila damu inayotembea vizuri haijawahi kumdhuru mwanamke.

Kuhusu kuacha dawa za presha kabisa: nafahamu kishawishi chake, maana mwili unaouma unauona na presha huioni. Lakini presha na sukari zisizodhibitiwa ndizo zinazoharibu mishipa hiyohiyo unayotaka iamke. Ungepata nafuu ya wiki chache, kama ungeipata, kwa gharama ya miaka. Njia nyingine ni kumuuliza daktari kama unaweza kubadilishiwa. Zipo dawa za jamii ya losartan, na tafiti chache kwa wanawake zinaelekea kuonyesha haziingilii mahaba kama atenolol. Si wote wanaoona tofauti, na pengine umepewa atenolol kwa sababu ya moyo, kwa hiyo hilo ni la kujadiliana naye, si la kuamua dukani.

Shabu, mdogo wangu, hapana. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Shabu inakausha na kukaza, na wewe ugonjwa wako ni ukavu. Kila unapoiweka, ngozi inapata vidonda vidogo usivyoviona, na mlango wa maradhi unafunguka. Namwelewa dada yako, hayo ndiyo tuliyofundwa wengi wetu, kwamba mwanamke mkavu ndiye mtamu. Lakini muulize mumeo kama alikuwa akilalamikia unyevu zamani. Unga wa mizizi nao hujui una nini ndani. Na kuhusu kufanyiwa: ukitaka kusoma dua, soma, dua haigombani na kipimo.

Badala yake kuna jeli ya kulainisha iliyotengenezwa kwa maji, inauzwa maduka ya dawa bila cheti. Mafuta safi ya nazi wengine hutumia na huwafaa, ila yanaharibu kondomu, na kama una fangasi, tibu kwanza. Ipo pia krimu ya estrojeni ya kupaka ndani kwa kiasi kidogo. Hiyo ni ya kuandikiwa, tena baada ya kuchunguzwa, na haipatikani kila duka. Vidonge vya homoni vya kumeza ni habari nyingine, kwa mwenye mishipa mibovu vina hatari ya damu kuganda na kiharusi. Halafu kuna kitu kisichouzwa, nacho ni muda. Mwili wa miaka 52 wenye presha hauamki kwa dakika zilezile za miaka 25. Mwambie asikimbilie kuingia. Mikono, maneno, kukandana mafuta mgongoni, na siku nyingine iishie hapo bila mtu kuhesabu kuwa imeshindikana.

Nafika kwa mumeo, na hapa nataka tuangalie mambo uliyoyachukua kuwa yamethibitika. Yeye anadhani una mtu. Wewe unadhani anataka mke. Nimeitafuta barua yako yote, sijaona mahali aliposema anataka kuoa. Alichosema ni swali, na katika swali lile mimi nasikia mtu aliyeogopa. Umeandika pia, kwa sentensi moja ukaipita haraka, kwamba naye anaishia njiani. Mwanamume wa miaka 60, aliyekaa kwenye usukani maisha yake yote, akianza kuishia njiani, madaktari humtazama moyo, kwa sababu kwa wanaume dalili hiyo huweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka michache. Ameshapimwa presha? Sukari? Isije ikawa mko wawili kitandani na maradhi yanayofanana, kila mmoja anamsoma mwenzake vibaya.

Ukimwambia, usimwambie kitandani. Chagua mchana, nyumba imetulia, chai iko mezani. Unaweza kuanza hivi: "Baba Salma, uliniuliza swali siku ile nikalia, sikukujibu. Jibu langu ni kwamba nakutaka, ila mwili wangu unaumwa, nataka twende wote hospitali." Tazama kwamba hujamtaja yeye kuwa na kasoro. Hilo la kwake likitoka, litoke kinywani mwake. Huenda asiamini siku ya kwanza, au akageuza mzaha. Hatari ya kusema ipo. Ila kunyamaza kwako ndiko kulikompa nafasi ya kubuni huyo mtu mwingine.

Kuhusu kumruhusu aoe, sitakuambia fanya wala usifanye. Nawajua wanawake waliofungua mlango huo kwa moyo mweupe na wanaishi kwa amani, na wapo walioufungua ili kukimbia maumivu, wakajikuta na maumivu yaleyale na mgeni ndani. Nakupa tu maswali ya kukaa nayo. Ukisema "pengine nitapumzika", unataka kupumzika kutokana na mume, maumivu, au hatia? Maumivu yana tiba, na hatia haina msingi, kwa sababu hujafanya kosa. Mke mpya ataponya nini kama naye mumeo anaumwa? Kipato cha dereva aliyestaafu na genge lako la khanga kitabeba nyumba mbili kwa haki, kama dini hiyohiyo inavyodai? Na yeye akisikia "oa", atasikia huruma au atasikia kwamba humtaki tena na kwamba shaka yake ilikuwa kweli? Koo likifunga kila ukitaka kutamka, mimi nisingelilazimisha kabla ya majibu ya vipimo kurudi. Ruhusa hiyo unaweza kuitoa wakati wowote. Kuirudisha ndiyo kazi.

Limebaki lile pazia. Kama kinywa hakikubali, andika. Chukua nusu karatasi, uandike: "Nina presha na sukari. Nikitembea makalio na vigimbi vinakaza, nikisimama vinaachia. Tangu mwaka jana huku chini kunabaki kukavu na ganzi, tendo la ndoa linauma. Naomba nipimwe mishipa ya miguu, niangaliwe maambukizi, na tuzungumze dawa zangu." Mpe akiisoma kimyakimya, mzee wa upande wa pili hatasikia kitu. Una haki pia ya kuomba mhudumu mwanamke, na kliniki za mama na mtoto wapo wengi. Siku hiyohiyo omba na uchunguzi wa mlango wa kizazi, na kama umewahi kuona hata tone la damu tangu hedhi ikome, liandike juu kabisa ya karatasi.

Na miguu hiyo iangalie kila jioni, nyayo na katikati ya vidole, au mwite Salma akuangalie. Ukiona kidonda kisichopona, kidole kimebadilika rangi, au mguu umeanza kuuma hata ukiwa umelala, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo.